Maneno ya Shosho

Nilikuwa nafundisha Gredi ya Sita huko Molo, na katika jambo moja sikumwonea mtu huruma: ukichukua maneno ya mwenzako, sema umeyatoa wapi. Watoto walizoea kukopi kwenye simu za wazazi. Niliwarudishia kazi zao mpaka wakaelewa.

Msichana mmoja alielewa kuliko wote. Nilipowaambia waandike jinsi shule yetu ilivyoanza, alienda kumuuliza nyanya yake. Akaandika kwamba darasa la kwanza lilikuwa banda la kukaushia maua ya pareto kwenye shamba la mzungu, na kwamba watoto walisoma huku wakipiga chafya kwa vumbi la maua hayo, mwalimu akiandika kwa makaa mlangoni. Chini akaweka: "Nimeambiwa na shosho yangu, aliyesoma humo." Nilijivunia sana. Nikampelekea mwalimu mkuu asome.

Siku ya wazazi, mwalimu mkuu akasimama mbele ya wageni waliotoka Nakuru, akaisoma hadithi ile neno kwa neno. Banda, chafya, makaa. "Katika utafiti wangu," akasema, "nimegundua hayo." Wageni wakapiga makofi. Msichana akanigeukia.

"Mwalimu, mbona hajasema ni shosho?"

Nyanya mwenyewe alikuwa ameketi safu ya nyuma, mikono mapajani, akitazama chini.

Wageni walipoondoka nilimfuata mwalimu mkuu ofisini.

"Ile kazi ni ya mtoto, na hadithi ni ya nyanya yake."

Akacheka. "Mwalimu, hiyo ni historia ya shule. Haina mwenyewe."

"Mimi huwanyima watoto alama kwa kosa hilohilo!"

"Hao ni watoto," akasema, akachukua simu yake.

Ijumaa, kwenye gwaride la wanafunzi, alitoa shukrani kwa "mwanafunzi fulani aliyesaidia kidogo". Kidogo! Nyanya hakumtaja kabisa.

Basi nikamwalika nyanya darasani mwangu. Alikuja amevaa leso mpya, akasimulia hadi kengele ikalia, na watoto wakamuuliza maswali ambayo hata mimi sikuyawaza. Kisha kila mmoja akaandika, na kila mmoja akaanza kwa jina la nyanya huyo. Tulibandika karatasi zote ukutani, kando ya mlango wa ofisi.

Mwalimu mkuu hakuzibandua. Hakuniomba msamaha pia, wala hakumwomba yule nyanya. Hilo linanikera hadi leo.