Mpishi wa Wachimbaji Aliyejinyima Chakula kwa Ajili ya Ngoma

Jogoo wa kambi bado hawajawika, lakini Ignas Nkwabi ameshaukoroga uji mara kadhaa. Ni saa kumi alfajiri katika jiko la kambi ya wachimba dhahabu, mwendo mfupi kutoka Geita. Moshi unamtoa machozi, jasho linamtiririka mgongoni, na mwiko alioushika una urefu wa mpini wa jembe.

Anachota uji kwa kijiko, anaupuliza, anaonja, kisha anafunika pipa. Wasaidizi wake wanatazamana na kucheka. Zamani Ignas hakuonja kwa kijiko. Alionja kwa bakuli.

"Mpishi haonji, mpishi anahakikisha," anajitetea, naye akicheka. "Ila mimi nilihakikisha mno."

Ignas ana umri wa miaka arobaini na minane. Yuko katika jiko hili tangu kabla ya vita, na sasa, mwaka 1953, huwalisha watu wapatao mia mbili wanaoingia shimoni kwa zamu. Wengi wametoka mbali na wana lugha zao, lakini wakishika sahani husema Kiswahili kimoja: "Mzee, ongeza."

Nje ya jiko anajulikana kwa jambo jingine. Yeye ni ningi, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Wagika. Kila mwaka pamba ikishavunwa, Wagika hushindana na watani wao, Wagalu. Makundi yote mawili hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na hakuna mwamuzi. Watazamaji huamua kwa miguu yao. Wakivutiwa na upande wa pili, wanahama, na kundi linalobaki na watu wengi ndilo lililoshinda.

Mwaka jana, katika uwanja wa Kalangalala, watu walimhama Ignas. Katikati ya wimbo pumzi zilimwishia, akaketi chini na njuga zake miguuni. Kabla jua halijatua, umati ulikuwa kwa Wagalu.

"Niliona aibu hata kuinua uso," anasema. "Na Wagalu wakanitungia wimbo papo hapo. Eti kundi letu linaongozwa na gunia la pamba."

Kundi likakaa kikao. Mihayo Bujiku, mpiga ngoma mkuu na rafiki yake tangu ujana, ndiye aliyetumwa kumfikishia uamuzi. Mwaka huu Ignas angejaribiwa kabla ya shindano. Kama asingeweza kucheza tangu mchana hadi jua linatua, uongozi ungekwenda kwa mtu mwingine.

"Yalikuwa maneno machungu, lakini namshukuru," anasema Ignas. "Wengine walininong'ona. Mihayo alikuja nyumbani, akakaa, akaniambia, 'Ndugu yangu, umenenepa.'"

Ignas akaenda kwa Pantaleo, dresa anayetibu wagonjwa zahanatini. Mizani ikasoma ratili mia mbili na kumi na mbili. Dresa akamshauri apunguze mafuta, aache kumalizia ukoko wa masufuria, na awe anatembea kila siku. Ushauri ulikuwa mzuri. Kasoro ilikuwa kwa Ignas mwenyewe, aliyeona kwamba kama kupunguza ni dawa, basi kuacha kabisa ni dawa kubwa zaidi.

Akaacha ugali. Akaacha maharage. Asubuhi akanywa chai ya rangi, mchana maji, na usiku akatafuna kipande cha muhogo. Kila jioni akitoka kazini alipanda kilima nyuma ya kambi, akafunga njuga, akacheza peke yake mpaka mbuzi wa watu wakawa wanamkimbia.

Mwanzoni suruali ililegea, naye akafurahi. Kisha magoti nayo yakalegea. Akiinama kuchochea moto, macho yaliingia giza. Alikutwa amesinzia juu ya gunia la vitunguu mchana kweupe. Siku moja akatia chumvi kwenye maharage, akasahau, akatia tena.

"Mzee Ignas," mchimbaji mmoja alimwuliza mbele ya wote, "haya ni maharage au umetuchemshia chumvi ya Uvinza?"

Mtu mwingine angejiuliza amekula nini. Ignas alijiuliza amelogwa na nani. Katika mashindano haya kila kundi huwa na dawa zake, na mchezaji akilegea ghafla, kidole cha kwanza huelekezwa kwa wapinzani. Yeye hakuwa na shaka hata kidogo. Wagalu walikuwa wamemfunga miguu.

Jumapili moja mchana alichukua kuku kwapani, akapita njia ya nyuma ili Padri asimwone, akaenda kwa mganga, Bi Sikujua. Huko kuku ndiye anayepasuliwa, na mganga husoma ndani yake shida ya mgonjwa imetoka wapi.

"Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, kama mtoto anavyomsalimu mama yake mchana.

"Mwadila, mwanangu." Bi Sikujua alikuwa akipepeta karanga. Alimtazama jinsi anavyotetemeka, akaweka ungo chini. "Leo umekula nini?"

"Sijala, mayu."

"Na jana?"

"Muhogo. Kipande."

"Na juzi?"

Ignas akamhamishia kuku kwapa la pili.

"Hebu kwanza. Si wewe mpishi wa kule kambini?"

"Ndiye mimi, mayu."

Bi Sikujua alicheka mpaka akajishika ubavu. Kisha akamchukua yule kuku, akamchinja na kumnyonyoa. Ignas akasogea karibu, akingoja kutajiwa jina la adui yake. Alichoona ni sufuria likiwekwa motoni.

"Huyu hana la kunieleza," mganga alimwambia. "Wagalu hata habari nawe hawana. Njaa ndiyo iliyokufunga miguu. Kaa hapo ule."

Alikula kuku kwa ugali wa mtama, taratibu, huku machozi yakimtoka.

"Nililia kwa haya, na nililia kwa shibe," anakiri. "Mganga mwingine angenitoza mbuzi na kunipa miiko mingine ya chakula, nami ningeifuata mpaka kaburini. Namshukuru Mungu kwa mama yule." Padri akilisoma gazeti hili, na amsamehe.

Nyumbani, mkewe Mbuke alipopata habari alishika kichwa. Kila usiku alikuwa akimpakulia, na kila usiku mumewe alidai ameshiba kazini.

"Mimi najua anakula kambini, kambini wanajua anakula kwangu," anasema Mbuke. "Mpishi mzima afe njaa katikati ya majiko mawili! Ningewaambia nini watu msibani?"

Kuanzia siku ile Mbuke ndiye mwenye amri. Kabla ya kupanda kilima, Ignas hula michembe, yale makopa ya viazi vitamu, iliyochemshwa na karanga, akateremshia na mtindi. Mchana hula maharage ya kutosha na ugali kiasi, bila ukoko wala mafuta ya juu. Jumapili hakuna kilima, anapumzika. Dresa Pantaleo ameukubali mpango huo kwa mikono miwili.

"Nilimwambia apunguze," anasema dresa. "Sikumwambia afunge Ramadhani na Kwaresima kwa mpigo."

Mwili umepungua polepole, na safari hii nguvu hazikuondoka nao. Ignas huona ajabu kwamba ilimchukua miaka mingi jikoni kujifunza jambo hilo.

"Mwili wa umri huu ukiunyima, unanuna," anasema. "Ukiulisha kwa kiasi, unakubali kutumwa."

Jumamosi iliyopita alijaribiwa. Alianza vizuri, akaimba, vumbi likatimka. Jua lilipoanza kuinama pumzi zikambana, na watu wakatazamana. Mihayo akapunguza mapigo ya ngoma. Ignas akatoka pembeni, akanywa kibuyu cha mtindi, akavuta pumzi kwa utulivu, akarudi kati. Jua lilitua akiwa bado anaruka.

Wapo waliosema kutoka pembeni ni kushindwa. Mihayo aliwakatalia.

"Hakucheza kama kijana, na yeye si kijana," anasema mpiga ngoma huyo. "Lakini alirudi. Jumapili atatuongoza, na pumzi zikimbana nitapunguza tena ngoma."

Shindano ni Jumapili hii, uwanja uleule. Ignas anakiri kwamba kuwashinda Wagalu kungempendeza sana, hasa kwa sababu ya ule wimbo wa gunia. Akiulizwa kama hilo ndilo tumaini lake kubwa, anaacha kusugua sufuria.

"Mwaka jana watu walipohama, mtu mmoja alibaki upande wetu," anasema. "Mbuke. Alisimama peke yake akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka, na hajanikumbusha jambo hilo hata siku moja. Jumapili nataka akipiga kigelegele, ajibiwe."