Kalamu Mbili za Mtafiti

Mtafiti wa ghorofa ya pili hospitalini kwetu huchomeka kalamu nyekundu nyuma ya sikio la kulia, ya magonjwa ya mwili, na ya bluu kushoto, ya magonjwa ya akili. Mgonjwa akisema ana moyo mzito, anampandisha kwenye mizani kwanza, ndipo amuulize nani kamuudhi. Sisi wa masjala tunacheka mpaka mbavu zinauma, naye anachungulia mlangoni: "Mbavu za upande gani?"

Jana mama yake alipiga simu, naye mtafiti akaiweka kwenye spika.

"Mwanangu, moyo unaniuma."

Akachomoa kalamu zote mbili. "Tangu lini, mama?"

"Tangu uanze huo utafiti wako."

Simu ikakatika. Akatugeukia, kalamu moja kila mkono. "Jamani, hii naiandika kwa rangi gani?"