Mchanga Nyuma ya Ukuta Wangu

Bandarini nilikofanyia kazi, mimi na stashahada yangu ya ujenzi tulipanga mawe ya ukuta wa kuzuia mawimbi. Nyuma ya ukuta ule maji hutulia, na yakitulia huangusha mchanga yaliobeba. Nilirudi kwetu Kinampanda na akili hiyo, nikajenga ukuta wangu kukatiza korongo, kwa jasho langu mwenyewe. Jirani yetu mwenye maksai alinicheka, "Bahari iko wapi, injinia?" Mvua zikaja, mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na kiangazi maji yakabaki ndani yake. Hakucheka tena.

Kwetu maji ya kiangazi huchimbwa korongoni: shimo jembamba, unapiga magoti na kuchota kwa kibuyu. Mchanga wa zamani ulikuwa kina cha mkono tu, chini udongo mgumu. Wangu ulimzidi mtu kimo. Mama alichimba kama alivyochimba maisha yake yote. Maji yalipozidi kushuka, akaingia shimoni kuyafuata.

Jirani alikuja mbio kuniita. Kingo za shimo zilikuwa zimeporomoka; nilimkuta mama amefukiwa hadi kifuani.

"Tumfunge kamba, maksai wavute!" jirani alisema.

"Usithubutu! Utamvunja kiuno. Rudi nyuma, unamsukumia mchanga!"

Mama akafumbua macho. "Unamfokea mwenzio, na shikamoo hujanipa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nitoe, baba. Mchanga unanibana." Aliyasema kidogo kidogo, pumzi hazimtoshi.

Nikang'oa mlango wa nyumba yangu, mninga mtupu, hakuna mwingine kama huo kijijini. Nikaulaza juu ya mchanga, nikalala juu yake kwa tumbo, nikaanza kuchota kwa sufuria. Jirani alipanua shimo kutokea mbali. Kila nilichotoa, nusu yake ilirudi. Mchanga ulipomfika mabegani nililia kwa sauti, sikujali nani ananisikia. Kingo zilipolala mteremko, mchanga ukaacha kurudi. Magoti yake yalipoonekana, tukamshika makwapani, taratibu, akatoka na kiatu kimoja.

Kesho yake akabeba kibuyu. Nikamkataza.

"Kwa hiyo tutakunywa ukuta?" akauliza.

Siku hizi natangulia na koleo. Nachimba shimo pana lenye mteremko, na wilaya nzima hakuna anayelichimba vizuri kama mimi. Mama anainama, anachota. Mimi nasimama nyuma yake, nimeshika pindo la kanga yake mpaka amalize.