Damu ya Ramazani

Siku yangu ya kwanza kwenye labo, maabara ya hospitali, hapa Kindu, chefu, mkubwa wetu wa kazi, alinipa sabuni na kikapu cha vioo vya mikroskopi. "Osha. Damu ya jana isibaki." Nikaosha wiki nzima, nikimlaani kimoyomoyo.

Tulipima malaria, minyoo na kundi la damu. Wakati wa vita reli ilikatika, dawa nyingi za kupimia zikaisha. Virusi vya epatiti C, ugonjwa wa ini, hatukuwa na kipimo chake hata kidogo. Njo wakati ule mke wangu Asina alijifungua binti yetu Zaina, damu ikamtoka mpaka macho yakageuka. Mdogo wangu Ramazani alikuwa wa kundi lake. Daktari mukubwa akauliza, "Tunangoja nini?" Ramazani akanyoosha mkono, akatolewa damu. Jioni Asina akaomba uji. Jamani, nililia!

Miaka ikapita. Ramazani alirudi toka machimbo ya Kalima, tumbo limejaa maji ya ugonjwa wa ini, tukamzika. Vipimo vya epatiti C vilipofika, nilimpima Asina kwa mkono wangu. Kingamwili zilionekana. Damu ikapelekwa mbali, jibu likarudi: virusi vingali hai.

"Baba Zaina, kingamwili si askari wa mwili? Kama iko, inafanya nini?" Asina akaniuliza.

Nikamweleza. Kirusi hiki kila kikizaana ndani ya ini kinabadilika kidogo. Kingamwili zikizoea sura ya jana, ya leo imekwisha geuka. Tena kuna chembe nyeupe za kuua seli zilizoambukizwa. Hizo zikipigana miaka bila kupumzika, zinachoka: zipo, ila nguvu hakuna. Wengine mwili unakifukuza mapema. Asina hakubahatika.

"Kama sisi vitani," akasema. "Leo hawa, kesho wale na nguo zingine. Nani asichoke?"

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana wa labo mna vipimo, pimeni kila damu kabla haijaingia kwa muntu. Vidonge vya kuponya tunavisikia, lakini ini la Asina limekwisha kuwa gumu, nami ninaogopa, sifichi.

Amenikataza kumwambia mama yangu kirusi kilitoka kwa damu ya nani. Kila Ijumaa, baada ya sala, mama anakuja, anamshika Asina mkono, anaubonyeza pale mshipa unapopiga.

"Damu ya mutoto wangu iko humu," anasema. "Inatembea bado?"

Asina ananitazama nisifungue mdomo.

"Iko, mama. Inatembea."