Nilinyamazisha Breki za Shemeji Yangu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usianze kunionea huruma kabla hujasikia yote. Nimechoka kulibeba, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni fundi baiskeli, upande wa Machochwe. Miaka yote nimetumia oili kwenye cheni na grisi kwenye beringi, basi. Halafu siku moja nikiwa Sirari kununua vipuri, nikaona kopo la spreyi ya silikoni. Niliichagua kwa sababu haichafui mikono na baiskeli inatoka inang'aa. Muuzaji akaniambia inafaa kwenye waya na sehemu za plastiki, ila nisiipulize pale raba ya breki inaposhika rimu. Nilimsikia vizuri.

Nina shemeji, mume wa dada yangu. Hapa nitamwita Mwita, na dada nitamwita Bhoke. Mwita alikuwa mlevi wa kujulikana, kisha akaokoka akaacha kabisa. Akaanza kubeba maziwa kwa baiskeli, akirudisha heshima yake kidogo kidogo. Kanisani wakaanza hata kumpa nafasi ya kuongoza maombi.

Jioni moja akaja kwangu. "Shemeji, hizi breki zinalia mpaka ng'ombe wanashtuka. Nisaidie."

Dawa yake ilikuwa kusugua raba kwa msasa na kuzifunga upya. Lakini nilikuwa nataka kufunga kazi, nikapuliza spreyi kwenye raba na kwenye rimu. Kelele zikakatika palepale. Mwita akacheka, akanishukuru, akaondoka.

Asubuhi yake akiwa na madumu ya maziwa, breki zilikataa kwenye mteremko wa kwenda mtoni. Akatupwa kwenye mawe ya kalavati. Paja likavunjika.

Wenzake walimkimbiza hospitali. Mimi nikaenda kuchukua baiskeli. Nilipitisha kidole kwenye rimu, kikateleza. Nikajua. Na hapa ndipo kosa langu lilipogeuka kuwa dhambi: niliipeleka nyumbani kwangu, nikafuta rimu kwa petroli, nikasugua raba, nikahakikisha zinashika.

Bhoke akaja kuniuliza. "Anasema breki zilikataa. Wewe ndiye fundi. Ni kweli?"

"Zijaribu mwenyewe," nikamwambia.

Akazibana. Zikashika. Akiwa bado ameinama juu ya usukani, akasema, "Basi amerudia pombe."

Nikamwacha aamini hivyo.

Maneno yakasambaa. Kanisani wakampumzisha kuongoza maombi. Aliporudi kutoka hospitali, Bhoke alimpikia siku chache, akafungasha, akarudi kwa mama yetu, kijijini Kisaka, pamoja na watoto. Mwita akabaki na mama yake mzazi, mwanamke mzee asiyeweza hata kumgeuza kitandani. Nikawa naenda mimi kumgeuza na kumwogesha. Watu wakanisifu kwamba nina moyo. Kila sifa ilinichosha zaidi.

Siku moja nikiwa namnyoa ndevu, akanishika mkono.

"Shemeji, wewe uliniona jioni ile. Nilikuwa nanuka pombe?"

"Hapana."

"Kwa sababu nimeanza kujiuliza. Wote hawawezi kukosea. Labda nilikunywa halafu nikasahau. Zamani nilikuwa nasahau hivyo."

Niliweka wembe chini. Mtu huyu nilikuwa nimemvunja mguu, na sasa nilikuwa namnyang'anya hata akili yake. Nikamweleza yote: spreyi, petroli, na jinsi nilivyomjibu dada.

Alijifuta povu shavuni. Kisha akasema, "Nenda kamwambie mke wangu. Usimtume mtu."

Nikaenda Kisaka siku hiyohiyo. Nilimwambia Bhoke mbele ya mama. Mama alifunika uso kwa kanga. Bhoke hakunitukana. Aliniuliza kitu kimoja: "Wakati nafungasha, ulinisaidia kubeba mzigo. Ulikuwa unawaza nini?"

Alirudi kwa mumewe. Nami nilisimama kanisani nikasema mbele ya wote. Mwita sasa anatembea, anachechemea. Kazi ya maziwa imekwenda kwa mwenye pikipiki. Tukikutana ananisalimia, lakini baiskeli yake anaisukuma kupita banda langu mpaka kwa fundi mwingine, mbali, na ule mguu wake. Sijawahi kumwita. Naendelea kuziba pancha, nikiwa nimeinama.

Wewe unayetengeneza baiskeli, yako au ya mtu, silikoni isifike kwenye rimu wala raba za breki. Ikifika, safisha, na usimruhusu mtu apande kabla hujazijaribu breki. Na ukishakosea, sema kabla watu hawajatafuta wa kumlaumu. Mimi nilisubiri, na aliyelaumiwa alikuwa mtu aliyelala kitandani, asiyeweza hata kuinuka kujitetea.