Babu Kaitikia, Kamera Haikusikia

Jamani, njooni niwasimulie!

Leo watu wa filamu wamekuja kwetu Temeke kumrekodi mdogo wangu Zuhura, yule muimbaji.

Babu hajaitikia shikamoo yake miaka mitatu. Zuhura aliuza gitaa la Babu la bendi, la enzi za Ujamaa, ili arekodi wimbo wa kwanza.

Kamera ikawashwa. Zuhura kapiga magoti.
"Shikamoo, Babu."

Mama kajiziba mdomo.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Sote machozi! Mara muongozaji:
"Samahani mzee, sauti haikuingia. Turudie."

Babu kamkazia macho.
"Nimemwitikia mjukuu wangu. Wewe umeniamkia saa ngapi?"

Kaingia chumbani. Zuhura kavua maiki, kamfuata. Mlango wameufunga.

Sasa muongozaji ananibembeleza nikagonge.

Nyie mngegonga?