Programu Yangu Ilivyomfanya Mama Kavira Mjane

Mkinicheka nitavumilia, maana hata mimi nikikumbuka Jumamosi ile kwenye ukumbi wa parokia, hapa Kisangani, masikio yanawaka moto. Ilikuwa wakati wa vita, boti hazishuki tena mto, na watu waliotengana na jamaa zao kule Isangi na Basoko hawakuwa na habari yoyote, mpaka ndege moja ya misaada ikaleta disketi yenye ujumbe wa kila mtu, wote ndani ya faili moja la XML, maandishi yaliyotenganishwa kwa alama. Nani ataifungua? Mimi bwana, mwanafunzi wa kompyuta, mdomo mbele!

Nikaandika programu. Ilisoma faili kutoka juu kwenda chini bila kurudi nyuma, na kila ikikuta alama inafanya nilichoiagiza: ujumbe umefunguka, hili jina, hii habari, ujumbe umefungwa, chapa. Ujumbe ukifunguka ilinipasa kuunda kitu kipya cha kubeba maneno ya mtu huyo (objet, tulivyoita darasani), lakini nikajiona mjanja: kompyuta yenyewe ya zamani, kumbukumbu ndogo, kwa nini nisiunde kimoja tu mwanzoni, na kila anayekuja maneno yake yafute ya aliyetangulia? Nikachapa karatasi zote, nikavaa shati la pasi.

Tonton Anselme, katekista mwenye sauti nzito tuliyemwita mjomba sote, ndiye aliyesoma. Papa Lobela akasikia kwamba mke wake kule Basoko amejifungua mapacha, ukumbi ukapiga makofi. Akafuata fundi cherehani mmoja, ujumbe wa shangazi yake, bibi wa miaka sabini: "Nimejifungua mapacha, wote wazima."

"Mapasa? Tantine yangu?" fundi akapaza sauti. "Ile muzee hata meno haina tena!"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia, nami nikacheka nao, lakini nilishaelewa kosa liko wapi. Bibi hakuandika habari yoyote, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kufuta maneno ya mke wa Lobela, yakabaki palepale. Ningesimama wakati ule mambo yangeishia kwenye kicheko, ila nikajiambia ni mmoja tu, nani atajua (ujinga mtupu).

Kijana mmoja akapata msiba: "Baba amefariki, tumemzika Jumapili." Watu wakamshika mabega. Kisha tonton akamwita Mama Kavira, muuza chumvi aliyenipangisha chumba, ambaye mume wake na mtoto wao Dieudonné walishuka Isangi kutafuta samaki, mto ukafungwa wakiwa huko.

"Kutoka kwa Dieudonné," tonton akasoma polepole. "Baba amefariki, tumemzika Jumapili."

Mama Kavira akaanguka chini. Kile kilio bado ninakisikia. Wanawake walishaanza kumfungua kitambaa cha kichwa, kama afanyiwavyo mjane, nilipojikuta nimesimama juu ya benchi napiga kelele, "Hakufa! Ni programu yangu! Ni mimi!" na ukumbi mzima ukanigeukia.

"Weye, unasema nini?" tonton akauliza. Nikaeleza objet, nikaeleza alama, nikaeleza kumbukumbu, jasho linanitoka, mpaka fundi cherehani akanihurumia: "Bon, alichanganya habari za watu. Aende aangalie tena."

Nikakimbilia kompyuta, Mama Kavira nyuma yangu, nikafungua faili lenyewe. Pale kwa Dieudonné palikuwa na jina lake na neno Isangi, basi.

Mama Kavira akanishika mkono. "Donc papa wa Dieudonné iko muzima?"

Jamani, nilitamani sana kusema ndiyo. "Sijue, mama. Dieudonné alituma jina tu. Juu ya papa hakuna neno."

Akajifunga kitambaa chake upya, machozi bado yanashuka. "Basi nitamungojea," akasema. "Lakini weye, usiniulie tena mutu."

Tangu siku hiyo kila ujumbe ukifunguka naunda kitu kipya, kompyuta inune ikitaka, na yule ambaye hakuandika habari namwachia pengo lake lionekane, hata kama kuna mama atakayelia akiliona.